Njia ya Paskalina

Harufu ya samadi iliyolowa mvua ya kwanza bado hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Bashay, katika muhula ule wa darasa la sita nilipojifunza kuchukia. Mwalimu wetu alikuwa na kitabu chenye picha ya mtaa wa mji mmoja mkongwe wa Ulaya: mawe yaliyong'aa, nyumba zilizobanana kama ng'ombe zizini. Alitukaririsha historia yake majuma matatu. Kona hii walikaa washona viatu, ile waoka mikate, pale palikuwa na lango lililoungua. Tuliujua mtaa ule kona kwa kona, sisi ambao wengi wetu hatukuwa tumekanyaga lami.

Siku moja nilinyoosha kidole nikasema hata njia ipitayo nyuma ya shule ina historia, na aliyeianzisha ni bibi yangu Paskalina. Ng'ombe wake walizidi malisho yake, akawaweka kwa majirani kama ilivyo desturi yetu: jirani anakamua na kuchukua samadi, ndama anabaki wa mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda kuwatazama, nyumba hadi nyumba, mpaka nyayo zake zikawa njia. Kila kona ni mlango wa watu waliokunywa maziwa yake.

Mwalimu alivua miwani. "Njia imepinda," akasema, "kwa sababu bibi yako alikuwa anatoka kilabuni."

Darasa zima lilicheka, hata waliokuzwa kwa maziwa yale. Bibi hakuwahi kuonja pombe. Nilipomsimulia jioni, aliendelea kukamua. "Mwache, mjukuu wangu. Naye anapita hapo hapo." Yeye alimwacha. Mimi sikuweza, mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Leo njia imechongwa kwa greda, na mwalimu, sasa mstaafu, amejenga kwenye kona ya pili. Kijiji kilipotafuta majina ya barabara, aliomba iitwe kwa jina lake mwenyewe. Mkutanoni nilimwamkia shikamoo, kama inavyopasa, kisha nikaeleza kona moja baada ya nyingine, kama alivyonifundisha. Mikono ikainuka, ya wanafunzi wenzangu waliocheka ikiwa ya kwanza.

Kibao kimesimama mbele ya geti lake. Juzi nilimkuta akimwelekeza fundi kwa simu. "Njia ya Paskalina," alisema. Kimya. "Paskalina." Kimya tena. "Nimesema Paskalina!"

Mtandao wa huku kwetu ni mbovu, na sijawahi kuuombea upone.