Pikapu ya Baba na Mlima wa Busunzu

Kila ninaponusa maji ya rejeta yaliyochemka, ile harufu ya kutu na moto, narudi Busunzu.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kupelekea maharage Kibondo kutoka kwetu Kasulu. Msiniulize umri wake. Ilinitangulia duniani, na nilipoolewa bado ilikuwa inatembea. Lakini hakuna safari iliyoisha bila kuharibika, tena mahali palepale: kwenye mlima wa Busunzu, juu ya nyumba ya babu mzaa mama. Baba alifungua boneti na kusema kwa upole, "Limechemsha. Mama Neema, nendeni mkaombe maji."

Babu alikuwa amemkataza Mama kukanyaga kwake tangu alipotoroka na Baba. Ila kwetu hakuna anayemnyima maji mtu aliyekwama njiani, hata Babu na hasira zake. Basi Baba alibaki barabarani, mimi na Mama tukateremka kati ya migomba, na ndoo moja ya maji ilituchukua saa nzima. Bibi alitupa ugali wa muhogo, akamsuka Mama nywele, wakacheka chini chini kwa Kiha. Babu alijifanya hatuoni, ila tukiondoka aliguna, "Ligari lile limekufa tena?"

Mimi niliona aibu. Magari ya wenzetu yalitupita, watoto wakitupungia mikono kwa kejeli. Nilipokuwa na miaka tisa nikajaza dumu la maji nyumbani, nikalificha nyuma ya kiti. Gari lilipochemsha, nikalitoa kwa fahari. Baba alilitazama, akamtazama Mama, kisha akamimina. Tukapita. Kule chini Bibi alikuwa amesimama uani, kiganja juu ya macho, akitusubiri. Mama alilia hadi Kibondo, nami nikaamini ni furaha.

Mwaka jana nilimpeleka Mama Kibondo kwa gari langu, moja ya haya ya siku hizi. Boneti yake hata sijui inafunguliwaje. Tulipofika Busunzu alicheka peke yake, akaniambia Baba alikuwa akilegeza koki ya rejeta kabla ya kupandisha mlima. Niliumia sana. Kumbe kati yetu watatu ni mimi tu niliyetaka lile gari lifike.

"Hili lako halijawahi kukuharibikia?" akauliza.

"Hata siku moja, Mama."

"Pole, mwanangu," akasema, akigeuza shingo kuitazama migomba ya kwao.