Mchanga Niliousugua

Nakumbuka ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi, maji yamekupwa, nilipookota kaa wa kale aliyegeuka jiwe, chini ya magenge, ile miamba mirefu ya Bandari ya Kale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Gamba lake lilikuwa zima, na tumboni aligandwa na mchanga mgumu wa manjano.

Mwanangu, nilimfurahia kwa ajili ya Ami Mbwana, mchimba visima wa Kibokoni. Miaka mingi alikuwa akisema kwamba katika kisima kimoja, chini ya jiwe jeupe la matumbawe, alipita tabaka la mchanga lenye kaa waliogeuka mawe. Kisima kilishafukiwa, na watu wa barazani hawakuacha kumdhihaki:

"Ami, leo umechimba au umevua?"

Nikataka kumpelekea kitu cha kupendeza. Nikafanya wafanyavyo wauza kombe za baharini wa mtaa wa Ndia Kuu: nikamtia kaa kwenye siki, ikatoa povu, kisha nikamsugua kwa brashi ya waya. Akang'aa.

Ami alimpokea kwa mikono miwili, akamgeuza. Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa kile kisima, aliouweka miaka yote hiyo.

"Kaa huyu alikuwa na mchanga?"

"Alikuwa nao, Ami. Wa manjano."

"Manjano kama huu? Punje kubwa au ndogo? Vipande vya kombe vilikuwamo?"

Sikujua. Niliusugua bila kuutazama.

"Kaa huviringishwa na mawimbi kutoka popote," akasema polepole. "Mchanga ule ndio ungesema katoka tabaka gani. Umenifulia shahidi wangu, mwanangu."

Akafunga mkebe.

Barazani wakapata jipya: "Kaa wa Ami keshatiwa siki, bado pilipili!" Ami naye akacheka, na kicheko chake kiliniuma kuliko karipio.

Alifariki bado wakimcheka. Mkebe aliniachia mimi. Nimejisomea vitabu vya mawe, na kila bamvua, maji yanapokupwa sana, hushuka kwenye magenge yale na daftari. Nimeokota kaa wawili tu, wote wamegandwa na chokaa nyeupe. Mwenye mchanga wa manjano sijamwona tena.

Basi ukiokota kitu, andika kwanza mahali na saa. Kitazame kilivyo, wala usikiondolee kilichogandamana nacho kabla hujamwuliza anayekijua. Na ukitaka kumfurahisha mzee, mwulize kwanza anahitaji nini. Mungu akupe jicho pevu na mkono usio na haraka, na uwahi kulirekebisha kosa lako wakati uliyemkosea bado yuko hai.