Kwenye filamu za mapenzi za kuchekesha kuna jamaa huachwa ukumbini. Mimi ndiye huyo jamaa

Wakuu, salamu kwenu mliopo jukwaani, na ninyi mnaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kwa nini filamu za mapenzi za kuchekesha zinafanana zote. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likarefuka, nikaona nifungue uzi wangu.

Ninachoandika kimenitokea. Majina nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha yalivyo. Wa kusema "hii chai", kwamba nimetunga, karibuni, ila mtainywa bila sukari.

Kwanza mnijue. Nina duka la movie hapa Singida Mjini. Watu wanaleta flash na memori kadi, nawawekea wanachotaka. Kazi hii inakufanya uangalie filamu kama seremala anavyoangalia meza ya mtu mwingine. Yeye haoni meza, anaona viungo.

Basi viungo vya filamu hizi ni hivi.

Mwanamke ana mchumba. Mchumba ni mtu mwema, ana kazi yake, mama mkwe anampenda. Halafu anaingia jamaa mwingine, msumbufu, mwenye mdomo. Huyo na mwanamke wanagombana tangu dakika wanayoonana. Wanagombana dukani, wanagombana kwenye gari, wanagombana kwenye mvua.

Katikati kuna kipande wanacheka pamoja bila kutarajia, kisha wote wawili wanashtuka. Baadaye wanakosana kweli, kila mtu anashika njia yake. Mwisho harusi imeandaliwa, watu wamevaa, na mwanamke anageuka mbele ya wote anamfuata msumbufu. Watazamaji wanapiga makofi.

Mchumba je?

Kamera inampa kitambo kidogo tu, na katika hicho kitambo lazima achekeshe. Atadondokewa na keki, au mama yake atazimia. Hiyo si bahati mbaya, mwandishi amepanga. Mtazamaji akimwonea huruma yule jamaa, filamu nzima imeharibika.

Hayo yote niliyajua. Nilimfundisha hata Salome.

Salome alikuwa mchumba wangu, mtu wa Ilongero, anauza kwenye duka la pembejeo hapa mjini. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kwangu Mwankoko, akiwa na mdogo wangu wa kike, nikawawekea filamu moja ya aina hiyo. Mimi na rimoti mkononi, kila mara nasimamisha.

"Unaona hapa? Wakigombana namna hii ujue wameshapendana. Anayetazama anajua tangu mwanzo nani atachaguliwa."

"Hebu acha watu wacheke, mwalimu wa movie," Salome akaniambia.

Mchumba wa kwenye filamu alipoachwa kasimama na sinia la soda mkononi, Salome alicheka hadi machozi. Mimi nilicheka kumzidi.

Baba yangu mkubwa ndiye alikuwa mshenga. Alikwenda Ilongero, akasikilizwa, ng'ombe wakapelekwa. Kwetu Wanyaturu ng'ombe wakishaingia kwenye boma la watu, maneno yamekwisha. Kinachobaki ni shamrashamra.

Ikaundwa kamati ya send-off, sherehe ya kwao ya kumuaga binti, na kwenye kamati akawemo Elia.

Elia ni jirani wa kina Salome. Ana pikapu, anazunguka vijijini kununua alizeti. Akapewa usafiri na muziki. Kila kikao yeye na Salome hawapatani.

"Elia, ukinyamaza wewe hata mbuzi wa jirani wanapumzika!"

"Na wewe ukiolewa, Ilongero nzima italala usingizi."

Kamati inaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Njiani kurudi Salome ananiambia, "Yule mtu hata kumwona sitaki." Namjibu avumilie, sherehe ikiisha hatutamhitaji.

Wakuu, rudini juu msome tena ile aya ya viungo. Mimi niliyeiandika ndiye ambaye sikuisoma.

Mimi na Salome tulikuwa tunaongelea nini? Viti vya kukodi, rangi ya vitambaa, nani apangiwe meza ipi. Nikikumbuka vizuri, sioni siku niliyomchekesha bila msaada wa filamu.

Sasa kwa ambao hamjahudhuria send-off za huku. Kuna kipande bibi harusi anamtafuta mwenzake. Bwana harusi anaketi katikati ya wageni kama mgeni wa kawaida. Bibi harusi anapewa shada la maua, muziki unapigwa, anacheza akipita meza kwa meza. Akimpata anamvisha, anamshika mkono, anampeleka mbele kwa wazazi wake, anasema huyu ndiye.

Siku chache kabla, Salome alilalamika kuwa kipande hicho kimepoa, kila mtu anajua bwana harusi kakaa wapi. Mtaalamu nikatoa ushauri.

"Usije kwangu moja kwa moja. Simama kwa mtu mwingine kwanza, nyanyua shada kama unamvisha, halafu mwache. Watu watacheka. Fanya hivyo tena. Wakishazoea kucheka, ndipo umtafute wa kweli."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa."

Siku ikafika, ukumbini Ilongero. Muziki wa Elia, MC na maneno yake.

"Bibi harusi, una uhakika huyo mtu kaja kweli?"

Salome akaanza kuzunguka. Akasimama kwa mjomba wake, mzee asiye na meno ya mbele. Akanyanyua shada. Mzee akainuka, akainamisha shingo kabisa.

"Mjomba kaa chini, una wake wawili wewe!" MC akapiga kelele. Ukumbi ukalipuka.

Akaenda kwa rafiki yangu, msimamizi wangu, akamfanyia vilevile. Kicheko kikazidi. Mimi narekebisha tai, najua zamu yangu imefika.

Akaja mbele yangu, akasimama. Macho yake yalikuwa na maji, nikajua ni furaha. Nikaanza kuinuka.

Akanipita.

Watu walicheka kuliko mwanzo, na mimi nikacheka nao. Nikajisemea huyu mwanamke ni hodari, ameongeza lake juu ya langu.

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye spika, alipokuwa amesimama Elia, akamvisha shada shingoni.

"Jamani, bibi harusi kakosea mlango!" MC alisema.

Nikasimama nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, maana mzaha ulikuwa wangu. Nikasubiri amvue.

Hakumvua. Elia hakucheka. Alimshika mkono, na muziki ukaendelea kwa sababu mwenye kazi ya kuuzima alikuwa ameshikana mikono na mchumba wangu.

Mama akanivuta koti, akaniuliza kwa Kinyaturu, taratibu, "Mbona hamvui?"

Watu hawakuelewa wote kwa pamoja. Kicheko kilikufa meza kwa meza, kuanzia mbele kuelekea mlangoni. Makofi yangu ndiyo yalikuwa ya mwisho kunyamaza.

Kilichofuata kila mtu anaweza kukisia. Baba yake akiomba radhi bila sauti, shangazi zake wakilia, baba mkubwa akikusanya kofia na fimbo yake.

Salome alinipigia baada ya siku kadhaa. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini hakuniambia mapema.

"Wewe si ulisema anayetazama anajua tangu mwanzo? Nilidhani unajua. Uliponifundisha nipite kwa wengine kwanza, nilijua ndiyo umeniruhusu."

Sina hakika kama ni kweli au alijifariji. Nimelifikiria jibu hilo kuliko filamu yoyote.

Video ikasambaa, kama mnavyojua simu za watu. Ikafika mpaka dukani kwangu. Alikuja dada mmoja na memori kadi, mimi nimevaa kofia, akaniambia, "Kaka, una ile ya bwana harusi anayepiga makofi? Inachekesha sana."

Nikamwambia sina. Akaniambia nitafute, watu wanaiulizia.

Hapo nikaona kiungo ambacho nilikuwa sijakiona miaka yote ya kazi hii. Nilikuwa nimefanya hasa kile ambacho mwandishi humpangia yule jamaa. Nilichekesha. Na kwa kuwa nilichekesha, hakuna aliyelazimika kunihurumia.

Filamu huishia kwenye kumbatio. Hakuna inayoonyesha ng'ombe wakirudishwa.

Baba yake Salome aliwaswaga mwenyewe kwa miguu, pamoja na ndugu zake, hadi Mwankoko. Nilitoka nikamwamkia kwa mazoea.

"Shikamoo, baba."

Aliiegemea fimbo yake ya kuswagia. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Neno hilo la mwisho lilinikata kuliko shada.

Ng'ombe mmoja alikuwa amezalia kwao. Wazee wakaanza kubishana. Ndugu zake wanasema ndama kazaliwa kwenye boma lao, baba mkubwa anasema mimba ilitoka kwetu. Baba yake Salome akawanyamazisha wote. Ndama ni wa huyu kijana, alisema, na anakuja nyuma, maana bado mdogo, hawezi kutembea njia yote ile.

Tukasubiri. Ikaja pikapu ya alizeti.

Elia akashuka, akambeba ndama mikononi, akasimama mbele yangu. Mbele ya kamati alikuwa na mdomo, siku hiyo hakuwa nao.

"Kaka," akasema, akakwama hapo.

"Mweke chini," nikamwambia.

Akamweka. Mama wa ndama akaja mbio, akaanza kumlamba. Watu wazima wote tukasimama tunamtazama ng'ombe kwa sababu hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Nilichojifunza, wakuu: kuujua mpangilio wa hadithi hakukuambii wewe umepewa nafasi gani ndani yake. Na ukiona mchumba wako ana mtu anayemchukia kwa furaha kuliko anavyokupenda wewe, usicheke na kamati. Uliza.

Wa kuniambia "pole mkuu, Mungu atakupa mwingine" nawashukuru, nimeshapewa pole za kutosha. Mimi nataka kusikia kwa mliowahi kuwa yule jamaa. Kamera ilipogeuka kuwafuata wale wawili, wewe ulikwenda wapi? Ulirudi nyumbani na nini?

Andikeni hapa chini. Mimi nilirudishiwa ng'ombe na ndama, na kesho asubuhi nafungua duka. Kuna wateja wanataka za mapenzi.