Udongo wa Chini ya Sapin

Mateso yangu ilianza mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, na mbele ya mwezi kuisha baba badogo, bandugu zake, walikuwa wameng'oa mahindi yetu na kuchukua shamba. Tangu pale najua: mahindi inang'olewa asubuhi moja, muti hapana. Ndiyo maana, nilipokuwa mutu mukubwa, nilipanda sapin, miti ya majani kama sindano, ku kilima changu nyuma ya Beni. Ikageuka njano yote. Chefu wa kilima akaniambia wazi: mvua ikiisha bila muti kusimama, kilima nakipa mutu mwingine.

Asubuhi nikatoka Bungulu, mutaa wangu wa Beni, na hasira. Barabara ilinitingisha matumbo, na dereva wa pikipiki aliimba vibaya mpaka Butembo.

Butembo, nilimukuta Mama Kavira, muuzaji wa miche, chini ya sapin zake za zamani.

"Mama, uliniuzia magonjwa."

"Keti kwanza, tata. Ulibeba miche namna gani?"

"Nilikung'uta udongo, nikaosha mizizi mu muto. Pikipiki inabeba miche, haibebe udongo wa bure."

Alicheka mpaka kitenge kikalegea. "Donc ulimuosha bibi-arusi mpaka ukamutupa, ukaoa maji."

Akachimba kidogo, akanionyesha nyuzi nyeupe zimeshika mizizi. "Hii ni uyoga. Inaenda mbali kuutafutia muti maji na chakula. Muti nao unaipa sukari."

"Kama bwana na bibi?"

"Hapana. Hawa banasaidiana."

Nikarudi na mufuko wa udongo. Ku barrière, kizuizi cha barabara, askari mugeni wa mukoa mwingine akauliza: "Vieux, unabeba nini?"

"Udongo."

"Beni udongo iliisha?"

"Ule wa Beni haujaoa."

Akaingiza mukono mpaka kiwiko, akautoa na majani ya kuoza. "Kende, papa," akasema. Nikaenda.

Ku kilima, nilitia udongo ule ku kila muzizi. Miche iliyokufa ilibaki imekufa, sikuililia. Mingine ikarudi kijani, na chini yake uyoga ukatokeza, wa kahawia, unateleza kama kamasi. Mvua ilipoisha, chefu akakuja, akasukuma muti mumoja na mguu. Haukuanguka.

"Kilima ni yako," akasema. "Na hii uyoga, inaliwa?"

"Onja wewe, chefu. Miye nitaangalia."

Nilijifunza kwamba muti hausimame peke yake. Miye nilisimama peke yangu, lakini miye si muti.

Leo niko na kilima, nyumba ya mabati Bungulu, duka la misumari, pikipiki mbili, mbuzi, na bibi mumoja.