Yaya Odile na Bunduki ya Klabu

Enzi zetu pale Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi, ukiuliza nyumba yetu, uliambiwa: ile yenye jezi kwenye kamba. Papa alikuwa kipa wa timu ya kambi. Mama alikimbia mbio tangu shuleni Mulungwishi, na hata baada ya kuzaa watoto watano alitushinda hadi bombani. Dada yangu mkubwa, Yaya Odile, hakutaka mpira wala mbio. Alipenda bunduki.

Papa alimpeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, msichana wa kwanza kuingia pale. Nyumbani alijizoeza kwa mti wa ufagio, amelala kifudifudi uani, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikitoka jikoni, nasi tukimcheka.

"Munyamaze," Mama alitukaripia. "Mumuache apumue."

Siku ya kugombea kombe tulivaa nguo za misa. Kila mshindani alikuwa na risasi kumi. Kibao cha shabaha cha Yaya kilipoletwa, kilikuwa na matundu kumi na moja. Mshindani aliyelala kando yake alikuwa amepiga kibao cha Yaya kwa makosa. Mwamuzi akaangalia, akaondoa hesabuni tundu la pembeni kabisa, lenye alama chache kuliko yote, akamtangaza Yaya mshindi. Tukaruka kwa furaha.

Yaya akainua mkono. "Monsieur, ile ya pembeni iko yangu. Nilikosa kulenga muzuri."

"Uko hakika?"

"Ndiyo, Monsieur."

Kombe likaenda kwa karani mmoja mwenye masharubu. Nililia njia nzima, na moyoni nilimchukia dada yangu. Nyumbani Papa akaketi mezani. Akachukua paja la kuku, ambalo siku zote lilikuwa lake, akaliweka kwenye sahani ya Yaya.

"Kula, mama," akamwambia binti yake. "Miye kila goli nabishana na arbitre, namwambia haikuingia. Weye umenipita."

Leo uwanja wa klabu umejaa nyumba. Wajukuu wetu wanapiga risasi mia kwenye simu kabla ya chai, na wakikosa wanaanza upya. Yaya anaishi Kikula, anashona, ila uzi namtungia mimi, maana macho yake yamechoka. Juzi mjukuu mmoja alimwuliza kama aliwahi kushinda kombe.

"Hapana," akajibu taratibu, akaendelea kushona.

Nilitaka kumweleza yule mtoto kila kitu. Lakini uzi wa Yaya ukaisha, akaninyooshea sindano, nikamtungia mwingine.