Leo Hashuki Mtu

Kila asubuhi natoka Iringa mjini kwenda kazini Tosamaganga na gari langu la dizeli, zito hata likiwa tupu, na moyo hauniruhusu kuwapita watu wanaokwenda hospitali kwa miguu. Nikishawapakia, kilima cha mwisho kinalimaliza gari pumzi. Basi abiria hushuka wenyewe bila kuambiwa. Bibi anayeuza ndizi pale hospitali huvua viatu kwanza, kisha wanapanda kwa miguu, nami nawasubiri juu.

Mwaka huu nikachoka, nikaenda kwa fundi. Akanichagulia turbo kubwa, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa iongeze nguvu.

"Mama, utafika kilomita mia na themanini kwa saa!"

"Niende wapi?"

Akasema basi ning'oe viti vya nyuma, gari liwe jepesi. Hapo nikawaka. Viti vile ndivyo vyenye safari! Nikataka turbo ndogo, inayoshika mapema gari likiwa bado linakwenda polepole, na rejeta kubwa ili injini isichemke. Bomba la moshi lenye kelele alilotaka kuniwekea nikalikataa kabisa.

Jumatatu, turbo ndogo ikiwa imeshafungwa, tulipofika kilimani, bibi akaanza kuvua viatu. Nikabonyeza kitufe, milango yote ikajifunga.

"Vaa viatu, bibi. Leo hashuki mtu."