Chungu cha Buluu cha Dada Yangu

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Mikasi. Mikasi yenyewe siku hizi haikati nguo sana, inakata miti. Baraza lake limejaa bonsai, miti mizima iliyokubali kukaa kwenye vyungu, na akiipogoa utadhani anampima bwana harusi suti. Ulio moyoni mwake ni mkwaju alioupanda mwaka aliomzaa mwanawe wa pekee. Ukiugusa huo, umemgusa kijana mwenyewe.

Habari za vyungu ndiyo usiseme. Kina chake kisizidi unene wa shina, ndani kisiwe cha kung'aa, chini kiwe na matundu ili mizizi ipumue. Atakuhutubia mpaka chai ipoe. Basi akanunua chungu cha buluu, akauhamishia mkwaju humo, na haukupita muda majani yakaanza kupukutika.

"Kuna mkono wa mtu hapa," akaniambia.

Macho yake yalikwenda moja kwa moja jikoni, alikokuwa mkwe wake, mke wa huyo kijana, mjamzito, anaosha vyombo.

"Yale maji ya sabuni," akanong'ona. "Anayamwaga wapi?"

"Kwenye sinki, dada, kama binadamu wote."

Hakunisikia. Akawa ananusa udongo, mara anauonja, Mungu wangu! Akaponda chaki yake ya kuchorea vitambaa, akainyunyiza barazani apate nyayo za mhalifu. Nyayo zilizopatikana zilikuwa zangu na za paka. Akanitupia jicho la pembeni siku nzima, na paka akanyimwa maziwa.

Siku moja mkwe alichutama kando ya mti, akasema kwa upole, "Mama, mbona ukimwagilia, maji hayatoki chini?"

Lo! Dada akanivuta chumbani. "Umemsikia? Kama hana lake jambo, anachungulia nini chini ya chungu changu?"

Nikamwambia aache hayo. Nani aache? Wakati wa chakula akamgeukia mwanawe, mkewe akiwa hapo hapo: "Mkeo anauua mti wako. Chagua, aondoke yeye au niondoke mimi."

Kijana akainamia sahani. Mkewe alimtazama, akasubiri, akachoka kusubiri. Kesho yake asubuhi tukasikia zipu ya begi.

Dada hata hapo hakuridhika. Akaukamata mkwaju, akaung'oa chunguni, eti atuonyeshe sumu. Maji yakatumwagikia miguuni, yananuka uozo. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika. Chini kabisa, juu ya matundu, palikuwa na kitambaa kigumu cha kola, kimekunjwa mara mbili na kupigwa pindo safi. Wenzake wenye miti hii huweka kipande cha wavu tu. Yeye hakutaka udongo udondoke, akashona. Na pindo lile, mtaa mzima hakuna mwingine wa kulipiga.

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Halafu nikauona uso wake.

Akamkimbilia mkwe, aliyekuwa mlangoni na begi lake, matope yakiwa bado mikononi. "Mwanangu, nisamehe. Ni mimi niliyeuozesha, nimeona kwa macho yangu. Weka begi chini."

Mkwe akaliweka chini kweli. Akamshika mama mkwe wake mikono, akamfuta matope kwa kitambaa chake cha kichwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini huu ulikuwa mti tu." Akaweka mkono tumboni. "Huyu akizaliwa, akikohoa kidogo, utamtafuta nani?"

Dada akafungua mdomo aape kwamba hatamtafuta mtu. Kiapo hakikutoka. Tulisimama tukikisubiri, mimi, mkwe, na mwanawe aliyekuwa nyuma yangu. Kisha kijana akapita katikati yetu, akanyanyua begi la mkewe, akatangulia kutoka.